Visigino vya Kitanda

Jumapili mchana, siku moja kabla ya kulazwa hospitali, mke alimwamuru mumewe akivue kitanda visigino.

"Vyote viwili," alisema. "Na uviondoe humu ndani kabla wifi hajafika."

Visigino hivyo vilikuwa vipande viwili vya mbao ngumu, vyenye kimo cha vidole vinne. Mume, ambaye ni seremala, alivichonga mwenyewe miaka sita iliyopita na kuvipachika chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwani. Kabla ya hapo mkewe alikuwa kila akijinyoosha maji machungu yanampanda kooni, anaamka anakohoa kama mtu aliyepaliwa. Kitanda kilipoinuka, naye akatulia. Hakuna aliyejua habari hiyo zaidi ya wao wawili. Siri ya mtungi aijuaye kata.

"Wifi akiviona visigino ataniuliza vya nini," mke akaendelea, huku akikunja khanga za kwenda nazo. "Akijua, atasema. Unamjua dada yako. Kesho hospitali nzima itakuwa na habari kwamba nina kiungulia."

"Si ndiyo vizuri wajue?"

"Wakijua wataniwekea mpira, Fundi. Mpira wa kooni. Unataka niwe kama yule mwenzangu wa zamu ya jioni?"

Fundi alipiga magoti, akainua kitanda kwa bega, akachomoa kisigino cha kwanza, kisha cha pili. Mwenzake huyo wa zamu ya jioni walimjua wote. Alifanyiwa upasuaji, akaamka sauti imemkauka, na miezi ikapita bila kurudi sawasawa. Sasa anakaa mlangoni pa choo cha stendi akikata tiketi, na mtu akimuuliza kitu anajibu kwa vidole.

Ndipo lilipokuwa jambo lenyewe. Mke wa fundi alikuwa mtangazaji wa stendi ya mabasi. Kwa miaka kumi na tisa alikaa kwenye kichumba cha kioo juu ya ofisi, akiwaambia watu basi lipi linaondoka, mtoto gani amepotea, na begi la nani limeokotwa. Mji mzima ulimwita Spika, na wengi walioijua sauti yake hawakuwahi kuiona sura yake. Alikuwa na sheria moja: kila tangazo husomwa mara mbili, na ile mara ya pili haibadiliki hata neno, kwa sababu abiria aliyechanganyikiwa, alisema, ukimbadilishia neno umemwacha na basi.

Meneja wa stendi alikuwa amemwendea wiki iliyopita na kimashine cha kurekodi. "Tusomee safari zote humu, mama, tuwe nazo. Lolote likitokea, si tunayo sauti?" Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayekupimia sanda ungali hai. Spika alimjibu kwamba lolote halitatokea. Alirudi nyumbani akalia, kisha akaapa kuwa ataingia chumba cha upasuaji na sauti yake na atatoka nayo.

Fundi alivifunga visigino kwenye gazeti, akavipeleka karakana kwake, nyuma ya stendi, akavisukuma chini ya meza ya kazi. Usiku ule mkewe alilala kitanda kikiwa bapa. Hakulala hasa, alikohoa mpaka wifi akagonga ukuta kuuliza kama kuna mtu amepaliwa.

*

Wodini, Jumatatu alasiri, daktari wa usingizi alifika na mikono mifukoni. Alikuwa mwanamke kijana kuliko walivyotarajia, mfupi, mwenye kalamu mbili sikioni kama konda. Alivuta kiti karibu na kitanda.

"Mama, kesho wanakutoa mfuko wa nyongo wenye mawe. Kazi ya kukata ni ya mwenzangu. Kazi yangu mimi ni wewe upumue mpaka mwisho. Fungua mdomo. Zaidi. Zaidi."

Alipima uwazi wa mdomo kwa vidole vitatu, akaangalia meno, akamwambia ainue kidevu. Fundi alimtazama kwa heshima. Na yeye, futi ikipotea, hupima kwa vidole.

"Daktari," Spika akasema mara mdomo wake ulipoachiwa, "nasikia kuna mpira na kuna kifuniko."

"Umesikia wapi?"

"Wodi ni stendi tu, daktari. Habari zinapanda na kushuka."

Daktari akacheka, akatoa vyote viwili mfukoni, vikiwa kwenye plastiki zake. Mpira ulikuwa mrefu, mwembamba kuliko kidole cha mwisho, na karibu na ncha yake kulikuwa na kiputo. Kifuniko kilikuwa kifupi na kinene, na kichwa chake kililala kama kijiko laini.

"Huu mpira unapita katikati ya nyuzi za sauti mpaka ndani ya koo la hewa. Tukijaza hiki kiputo, njia inazibwa pembeni. Hewa inaingia, kingine chochote hakipiti. Hiki kifuniko hakigusi huko ndani. Kinakaa juu ya mlango tu."

"Basi mimi ni hicho kifuniko."

"Subiri, mama. Nguo hujapimwa, ushaanza kuivaa." Daktari aliweka vyote viwili kwenye shuka. "Upasuaji wenyewe ni wa matundu. Hawakupasui tumbo zima. Wanatoboa matundu madogo manne, wanapitisha kamera na vyuma vyao. Lakini ili waone, lazima walijaze tumbo hewa liinuke. Hewa hiyo inasukuma kila kitu juu. Kama tumboni mwako kuna maji yenye tabia ya kupanda, yatapanda, na wewe umelala, huna habari, huwezi kukohoa. Yakiingia mapafuni, hapo ni kufa na kupona. Kifuniko hakizuii vizuri kama mpira. Kwa mtu mwembamba kama wewe, aliyefunga kula, asiye na kiungulia, nakitumia bila wasiwasi. Kwa mwenye kiungulia, sikitumii. Sasa nijibu. Una kiungulia?"

"Sina."

"Ukilala chali, maji machungu hayaji kooni?"

"Hayaji."

Fundi alikuwa amekaa kwenye stuli, upande wa miguuni. Chini ya shuka, kidole gumba cha mkewe kilimsukuma pajani, mara moja, kwa nguvu.

"Na baba je?" daktari akamgeukia. "Wewe ndiye unayelala naye. Mgonjwa husahau, jirani yake wa mto hasahau."

Mgonjwa wa kitanda cha pili akacheka. Fundi akahisi masikio yanamchemka. Huyu alikuwa mtu ambaye hata kwenye mazishi ya baba yake, mkewe ndiye aliyetoa shukrani za familia. Wateja wakimpunja, mkewe ndiye huenda kudai. Aliangalia mikono yake iliyojaa makovu ya patasi, akasema, "Ni kama anavyosema mwenyewe."

Daktari akaandika. Alipokwenda zake, Spika alimshika mumewe mkono na kuubana kwa furaha. "Nilijua huwezi kuniangusha," alisema. Fundi alitamani stuli immeze.

*

Asubuhi ya Jumanne alifika hospitali saa moja kasoro, hajala, ingawa aliyekatazwa kula alikuwa mkewe. Dada yake alikuwa amemuuliza njiani, "Hivi wifi yangu ana kifua? Maana juzi usiku alikohoa kama trekta." Fundi akasema ni vumbi. Dada yake akaguna. "Haya. Mficha maradhi, kifo humuumbua." Alisema hivyo bila kujua lolote, kwa mazoea tu ya kupenda methali, lakini ilimchoma kaka yake kama msumari uliopitiliza mbao.

Alikaa kwenye benchi la korido, akifikiri kiseremala, maana hakujua kufikiri vinginevyo. Maji hufuata mteremko. Yeye mwenyewe ndiye aliyeutengeneza mteremko ule, vidole vinne, baada ya kujaribu viwili na vitatu vikashindwa. Leo watu wasiojua habari hiyo watamlaza mkewe, watamjaza hewa kama gurudumu, na juu ya mlango wa hewa wataweka kitu kinachofunika tu.

Daktari wa usingizi akatokea mwisho wa korido, amevaa kofia ya kijani. Alipita, akaitikia salamu, akasonga. Fundi akasimama.

"Daktari, samahani. Kile kitanda cha huko ndani... kimelala sawa?"

Daktari akageuka. "Kitanda cha upasuaji? Kinainuka na kushuka. Kwa nini baba?"

"Naulizia upande wa kichwani. Kinainuka vidole vingapi?"

Lilikuwa swali la kijinga, nesi aliyekuwa akipita alitabasamu. Lakini daktari hakutabasamu. Alirudi hatua zote alizokwenda, akasimama mbele yake.

"Cha kwenu kinainuka vingapi?"

Fundi alisikia maneno yanatoka, yanagongana, kama watu wanaoshuka basi kwa mlango mmoja. "Vinne. Nilikichongea visigino mwenyewe. Miaka sita sasa. Juzi akaniambia nivitoe, watu wasijue. Maji yanampanda, daktari. Usiku wa Jumapili hakulala. Ni sauti, ndiyo inamtia hofu. Ni mtangazaji, hana kazi nyingine, na mimi... mimi jana nilinyamaza."

"Leo hukunyamaza," daktari akasema. "Twende wote tukamwambie."

"Mimi pia?"

"Siwezi kumbadilishia bila yeye kukubali. Na atataka kujua nimejuaje. Utanisaidia kujibu."

Spika alikuwa tayari juu ya kitanda cha magurudumu, kavaa gauni la hospitali lililofungwa kwa nyuma, kichwani kofia ya plastiki. Alipomwona daktari na mumewe nyuma yake, uso ukabadilika. Daktari alizungumza kwa sauti ya chini, bila lawama. Kiungulia si aibu, alisema, aibu ingekuwa yake yeye daktari kumpoteza mtu kwa kitu kinachozuilika. Atatumia mpira mwembamba kidogo. Kiputo atakipima, hatakijaza kupita kiasi. Sauti inaweza kukwaruza siku chache, na kwa watu wachache sana huchukua muda zaidi.

"Niapie haitaharibika," Spika akasema.

"Siwezi kukuapia, mama. Ningekuapia ningekuwa muongo."

"Na nikikataa?"

"Tutaahirisha, tutazungumza upya. Hakuna wa kukulazimisha. Ila kwa kifuniko, mimi sitakulaza."

Yale mawe ya nyongo yalikuwa yamemwangusha mara tatu kichumbani kwake, mara ya mwisho katikati ya tangazo, abiria wote wakasikia akigumia. Kuahirisha kulikuwa na maumivu yake. Alinyoosha mkono, akapewa kalamu, akatia sahihi mahali papya. Kisha akamtazama mumewe.

"Nani kamwambia?"

Mume angeweza kumwachia daktari. Daktari mwenyewe alikwisha fungua mdomo.

"Ni mimi," Fundi akasema.

"Miaka yote nakuomba useme japo neno moja mbele za watu." Macho yake yalijaa. "Leo ndiyo umepata mdomo."

Wakamsukuma, milango miwili ikafunguka, ikafungwa.

*

Saa tano na nusu daktari alitoka, kofia mkononi, nywele zimelala kwa jasho. Alimwambia Fundi kwamba mkewe anaamka vizuri. Kisha akakaa naye kwenye benchi.

"Tulipojaza tumbo hewa," alisema, "maji ya kijani yalipanda mpaka mdomoni. Tuliyavuta. Mpira ulikuwa mahali pake, hayakwenda popote." Akaikunja kofia yake. "Ningekuwa nimeweka kifuniko, baba, sijui sasa hivi ningekuwa nakuambia nini."

Fundi akatikisa kichwa mara nyingi. Aliingia chooni, akafungua bomba, akalia mpaka mtu akagonga.

Habari hiyo hakumpa mkewe. Aliona kumwambia ni kama kumdai. Na pia hakupata nafasi, kwa sababu mkewe alipoamka hakusema naye neno.

Mwanzoni ilieleweka. Nesi alimwambia apumzishe koo siku mbili tatu, asinong'one hata kunong'ona, maana kunong'ona kunachosha nyuzi kuliko kusema. Akapewa daftari. Siku ya tatu wakarudi nyumbani. Siku ya nne, ya tano, ya nane, nyumba ilikuwa kimya kiasi cha kusikia saa ya ukutani, ambayo wote walidhani imekufa zamani. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na Fundi aliishi akiungoja huo mshindo.

Shida ni kwamba hakujua anangoja nini. Mkewe alikuwa amenuna, au sauti ilikuwa imekwenda? Mtu aliyenuna unamwacha mpaka kinyongo kimwishe. Lakini mtu uliyemharibia sauti unamfanya nini?

"Wifi anasema mchuzi umezidi chumvi," dada yake alimletea habari sebuleni.

"Amesema au ameandika?"

"Ameandika."

Kesho yake: "Wifi anasema ulete maji ya moto."

"Amesema?"

"Kaka, ameandika! Kwani wewe unataka akuimbie?"

Usiku mke alilala na mito mitatu. Kitanda kilibaki bapa. Fundi hakuthubutu kuvirudisha visigino bila ruhusa, maana hivyo ndivyo vilivyomponza. Alilala pembeni kabisa akisikiliza anavyokohoa, na kila kikohozi alikipima kama kina sauti ndani yake.

Siku ya kumi alirudi mchana kuchukua randa aliyoisahau. Dirisha la chumbani lilikuwa wazi. Akasikia, kutoka ndani, "Tangazo. Tanga..." Ilikuwa sauti nene, imepasuka katikati, kama mbao iliyochanwa na msumeno butu. Ikajaribu tena. Ikakatika. Kisha akasikia mtu anapenga makamasi.

Fundi aliiacha randa. Alirudi karakana, akafunga mlango, akakaa juu ya rundo la mbao. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amefanya kazi mahali hapo huku mkewe, kutoka juu ya paa la stendi, akimtangazia safari asizokwenda. Sasa aliyekuwa akitangaza ni meneja mwenyewe, tena vibaya, mpaka abiria wawili wakajikuta kwenye mji wasioujua. Nimemwokoa, Fundi aliwaza, na nimemmaliza.

*

Wiki ya pili walikwenda kliniki. Spika aliingia peke yake, akamwachia mumewe begi. Alikaa ndani muda mrefu. Alipotoka alikuwa ameshika karatasi, na macho yake yalikuwa mekundu. Hakumwangalia mumewe. Alitangulia mbele mpaka nyumbani, hatua tatu mbele, bila kugeuka.

Jioni wifi alileta karatasi iliyokunjwa. Ilisema: Daktari kachungulia. Nyuzi zote mbili za sauti zinacheza vizuri. Jumatatu naenda kazini.

Na chini yake, kwa mwandiko mdogo: Mbona hukuniambia kuhusu yale maji?

Fundi aliisoma mara nyingi. Alitafuta kalamu, akaandika, *Nilidhani nitakuwa nadai,* akaona maneno hayatoshi, akaikunja na kuitia mfukoni.

*

Jumatatu saa mbili asubuhi alikuwa ameinamia kabati la mteja, patasi mkononi, hajachonga hata kiungo kimoja cha mbao tangu afike. Spika za stendi zikakwaruza. Alisikia meneja akikohoa, kisha kiti kikivutwa.

"Tangazo, tangazo."

Fundi akaweka patasi chini.

Haikuwa ile ya zamani sawasawa. Upande mmoja ilikuwa na mkwaruzo, kama meza nzuri iliyobaki kupigwa msasa. Lakini ilisimama. Ilitangaza basi la saa mbili na nusu, ikarudia, neno kwa neno. Ikatangaza funguo zilizookotwa karibu na bomba la maji, ikarudia. Nje, mkata tiketi wa choo alikuwa ameinuka kwenye kiti chake na kutazama juu, mkono kifuani. Fundi alijifuta uso kwa kiganja, vumbi la mbao likamwingia machoni, akaliachia lifanye kazi yake.

"Tangazo, tangazo. Fundi seremala mwenye karakana nyuma ya stendi. Mke wako anakutangazia kwamba ana kiungulia, amechoka kulala bapa. Usirudi nyumbani leo bila visigino vya kitanda."

Stendi nzima ikaangua kicheko. Konda mmoja akapiga honi.

"Narudia," ikasema ile sauti, na hapo ikatulia kidogo. Fundi alijua kila neno litakalofuata, kama mji mzima ulivyojua. "Fundi seremala mwenye karakana nyuma ya stendi. Mke wako anakutangazia kwamba ana kiungulia, amechoka kulala bapa. Usirudi nyumbani leo bila visigino vya kitanda." Pumzi moja ilisikika kwenye kipaza sauti. "Na yuko hai."

Fundi aliinama chini ya meza, akavuta lile gazeti, akalirarua. Alitoka na kisigino kimoja kila kwapa, akakatiza katikati ya stendi, kati ya mizigo na mabasi yanayonguruma, kuelekea kwenye kichumba cha kioo. Watu walikuwa wakigeuka wakitafuta ni nani. Mzee mmoja mwenye sanduku akamsimamisha, akitazama zile mbao, akicheka.

"Ndiyo wewe fundi mwenyewe?"

Watu walikuwa wengi, na wote walikuwa kimya wakingoja.

"Ndiyo mimi," akasema, kwa sauti ya kusikika.